Uso wa Bibiye

Krrr... hoo. Krrr... hoo.

Mama mkwe alisimama mlangoni na begi lake mkononi, akainua kidole kuninyamazisha. Nilikuwa nimeshainama nusu, shikamoo iko mdomoni.

"Nani anaumwa humu ndani?" akauliza.

"Hakuna anayeumwa, mama. Shikamoo. Karibu."

"Marahaba. Huyo anayekoroma ni nani? Mwanangu hakuniambia mnaishi na mzee."

Mke wangu akatokea nyuma ya pazia, tumbo limetangulia, anacheka mpaka kashika kiuno. "Mama, huyo ni Bibiye!"

Mama mkwe akaifuata sauti mpaka kwenye kochi. Pale alilala paka wangu wa Kiajemi, mweupe, manyoya yamemwagika pande zote kama mtu aliyevaa nguo ya sherehe akapitiwa na usingizi kabla ya kwenda. Uso wake ni bapa. Pua ni kitone tu, kimekaa juu, katikati ya macho mawili makubwa ya rangi ya shaba. Bibiye akapanua jicho moja lililokuwa wazi kidogo, akamwangalia mgeni, akalirudisha lilivyokuwa. Hakuona jipya.

"Yarabi," mama mkwe akasema taratibu. "Nani alimpiga?"

Mtu akinisema mimi nitacheka naye. Akimsema Bibiye, nasikia kama nimevuliwa shati sokoni. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, amesafiri siku nzima kuja kumsaidia binti yake kujifungua, na mama mkwe hajibiwi. Nikabeba begi, nikalipeleka chumbani, nikalitua kwa adabu zote.

Niseme nilivyompata, maana wapo wanaodhani nimemwokota. Mimi ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo saluni, na vya nyuma ndimo tunamoishi, pazia tu katikati. Mteja wangu mmoja, mhasibu, alikuja siku moja na paka kwenye kikapu, manyoya yamefungamana mafundo mpaka mnyama anatembea kama amevaa gunia. Kila aliyepelekewa alitaka kumnyoa kipara. Mimi nilikaa chini na kitana, nikafungua fundo moja baada ya jingine kwa ncha za vidole, na paka hakulia hata mara moja. Mhasibu alipohamishiwa nchi ya mbali, hakuhangaika kutafuta wa kumwachia. Alinikabidhi kikapu akasema, "Huyu ni wa mikono yako." Nilikipokea kifua mbele, na kifua hakijarudi nyuma mpaka leo.

Kumtunza ni kazi, na mimi naipenda kazi inayoonekana. Asubuhi kabla sijafungua saluni namfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, jicho hili pamba yake, jicho lile pamba yake, maana uso mfupi hauna njia nzuri ya kupitisha machozi, yanashuka nje na kuacha weusi. Kisha mikunjo ya pembeni ya pua, hapo ndipo uchafu unapojificha. Kisha namchana, kuanzia ncha za manyoya kurudi kwenye ngozi. Kinyozi wa papara anaanzia kwenye ngozi, ndiyo maana wateja wake wanatoka machozi. Chakula namwekea kwenye sahani iliyo wazi. Kwenye bakuli lenye kina, paji la uso linagonga ukingo kabla mdomo haujafika. Na jua la mchana halioni hata ukucha wake, kwa sababu pua ile haiwezi kumpoza.

Fundi cherehani wa mlango wa pili hakuacha kunichokoza. "Kinyozi! Huyo paka wako alikuwa anakimbia akakutana na ukuta, au ukuta ndio uliomfuata?" Wateja wangu wanacheka, kichwa kinatikisika, mashine inaruka. Siku moja nikazima mashine, nikatoka nje na kitana mkononi, nikamtupia hizi:

*Mnasema ni sahani, na pua iliyozama,*
*Mimi naona mbinguni, mwezi umekaa vyema.*

Fundi akainamia kitambaa chake. Akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Lakini mama mkwe hakuwa fundi cherehani. Jioni ile ile, tukiwa mezani, alisema kwa utulivu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Mkwe, mnyama wako ana kifua. Mjukuu wangu hatalala nyumba moja na mgonjwa wa kifua. Mtafutie pa kwenda kabla mtoto hajaja."

"Mama, hana kifua. Ndivyo alivyo."

"Nimelea watoto sita, mwanangu. Mtu mwenye kifua namjua nikiwa jikoni na yeye yuko barabarani."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama sahani yake. Usiku nilipomuuliza yuko upande gani, akajibu, "Mimi niko upande wa kulala. Mtoto anapiga teke, mama anasema, wewe unanuna, na Bibiye anakoroma. Malizaneni."

Kesho yake nikampigia daktari wa wanyama, mwanamama mwenye maneno machache, nikaweka spika ili mama asikie mwenyewe. Daktari akaeleza vizuri: si mafua, wala hawezi kumwambukiza mtoto. Watu kwa vizazi vingi walichagua paka wenye nyuso fupi, wakazalisha hao tu, pua ikawa inarudi ndani kidogo kidogo mpaka njia ya hewa ikabana.

Mama mkwe akasogelea simu kama anayetaka kuinong'oneza. "Kwa hiyo, daktari, amezaliwa hapumui vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Basi amezaliwa mgonjwa."

"Hapo sikukatalii, mama."

Nilizima simu haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Tangu siku hiyo tukaishi kama majirani wenye kesi. Mama mkwe alipika, akafua, akamkanda binti yake miguu iliyovimba. Asubuhi nilipokuwa nikimfuta Bibiye macho, nilimwona kwenye mlango wa jikoni, kikombe mkononi, anatazama bila kusema. Nilidhani anahesabu makosa. Nikazidi kunyoosha mgongo, nikamchana Bibiye mpaka kila unyoya ukajua mahali pake.

Ikaja siku ya joto. Lile joto ambalo kiti cha mteja kinamshika mgongo na feni inazungusha hewa ileile. Mke wangu alikuwa amekwenda kliniki ya wajawazito. Mimi nilikuwa na dereva mmoja kitini, mwanamume mwenye kichwa kikubwa na nywele ngumu, nimemaliza upande wa kushoto, nataka kuingia wa kulia. Mara nikahisi kuna kitu kimepungua. Nikazima mashine.

"Vipi?" dereva akauliza. "Umeme?"

Haukuwa umeme. Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Hakuna krrr, hakuna hoo.

Niliingia ndani na mashine bado mkononi. Kochi tupu. Jikoni, katikati ya sakafu, palikuwa na kilima cha blanketi, na chini yake mvuke unatoka pembeni na harufu ya majani ya mkaratusi inakata pua. Kilima kikasema kwa sauti ya kubembeleza, "Vuta, mama, vuta. Kitafunguka tu."

Nililing'oa blanketi. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, jasho linamchuruzika, Bibiye amempakata mbele ya beseni la maji ya moto, kama anavyopakatwa mtoto mwenye mafua. Bibiye alikuwa mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka bila sauti. Nilipomwinua mdomo wa juu, fizi zake zilikuwa na rangi ya zambarau.

Maneno yalinijaa kinywani, nami ni mtu ambaye maneno hayanisumbui kuja. Yalikuja yamejipanga, yenye vina, ya kumtoa mama mkwe nyumbani kwangu bila begi. Nikayauma. Nikamchukua Bibiye, nikamlaza kwenye sakafu ya saluni chini ya feni, mahali penye vigae vya baridi.

"Mama, taulo! Lowesha kwa maji ya bomba!"

Alikimbia. Sikujua mama mkwe anaweza kukimbia. Dereva akasimama na kitambaa cha kunyolea bado shingoni, akashika simu yangu karibu na sikio langu, na daktari akawa ananielekeza: maji ya kawaida, si ya barafu, nyayo, tumbo, masikio, usimfunike, kisha mlete, usingoje apate nafuu.

"Gari langu liko hapo nje," dereva akasema.

"Kichwa chako, kaka?"

"Kichwa kitaota tena. Twende!"

Basi tukapita mjini, dereva ana nywele upande mmoja, mimi nyuma nashika Bibiye, mama mkwe pembeni yangu anapepea kwa mfuniko wa sufuria aliotoka nao bila kujua. Kwenye taa nyekundu, watu wa gari la jirani wakatuangalia. Dereva akateremsha kioo. "Mnaangalia nini? Tunampeleka mkubwa wetu!" Nilimpenda mtu yule kama ndugu.

Daktari alimpokea mlangoni, akamwingiza kwenye kisanduku cha vioo chenye bomba la oksijeni. Sisi tukaachwa kwenye benchi. Mama mkwe aliuweka ule mfuniko magotini, akaushika kwa mikono miwili.

"Mkeo," akasema baadaye, macho sakafuni, "alipokuwa mchanga alikuwa anakoroma hivyohivyo. Watu walisema hatafika. Nilimfukiza kila siku, mimi na yeye chini ya blanketi moja, mpaka kifua kikafunguka. Niliposikia huyu wako, nikasema, hiki nakiweza."

"Lakini ulitaka nimwondoe, mama."

"Nilitaka, siku ya kwanza. Halafu nikakuona asubuhi unamfuta macho. Baba yao hakuwahi kumfuta hata mmoja wao macho, na wote walikuwa na pua ndefu." Akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Nikasema, nimponye kimyakimya, ili kijana asilazimike kuchagua. Ungerudi ndani jioni ukute anapumua, ungesema ni kudura. Na mimi ningesema, ehe, ni kudura."

Yale maneno yangu yote yenye vina yalikuwa yametawanyika.

"Kesho narudi kwangu," akaendelea. "Siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo nusura niue mtu wake."

Alisema "mtu". Nililisikia neno hilo.

Daktari akatoka, glavu mkononi. "Atapona. Fizi zimerudi rangi. Lakini majani yale, mama, paka yanawadhuru, na mvuke kwa uso kama ule ni kama kumziba kabisa." Akanigeukia. "Na wewe, nisikilize. Joto lolote litamrudisha hapa. Matundu ya pua yake ni membamba mno. Yanapanuliwa, ni upasuaji mdogo, tunakata kipande kidogo kila upande. Ningeshauri wiki hii, akishapata nguvu."

"Umkate usoni?" Nilisimama. "Daktari, uso ule? Hakuna kisu kitakachogusa uso ule! Watu wamemcheka, wamemwita sahani, mimi nimesimama mbele ya mtaa mzima nikasema ni mzuri alivyo. Leo nimkate pua nimpe fundi cherehani cha kusema?"

Dereva, aliyekuwa ameegemea mlango, akakohoa kidogo. Ni mama mkwe aliyenivuta mkono nikakaa.

"Njoo umwone," akasema.

Tukasogea kwenye kioo. Bibiye alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya nyayo, hewa ya bomba inampiga usoni. Na alikuwa anapumua kimya, kimya cha kupumua, mbavu zinakwenda polepole. Nimeishi naye muda wote huo na sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa amefumba macho yote mawili. Nyumbani, hata usingizini, jicho moja huwa limeachwa wazi kidogo, na mimi nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba ni kiburi, kwamba bibi mkubwa halali kama paka wa jalalani. Kumbe hakuwa analala, alikuwa anatafuta hewa.

"Mzuri," mama mkwe akasema, uso wake umekaribia kioo mpaka pumzi yake imeacha ukungu. "Tena mzuri sana. Lakini mwanangu, uzuri anaubeba yeye, sisi tunautazama tu."

Nilisimama pale mpaka kifua kilichokuwa mbele siku zote kikapata mahali pa kutulia. Hakikurudi nyuma. Kilitulia tu. Paka aliyeweza kunifanya nimeze maneno mbele ya mama mkwe hakupungukiwa na lolote kwa mimi kukubali kwamba pua yake ina kasoro. Mwenye kumpenda ndiye anayepaswa kutangulia kusema kwamba paka anahangaika, asiwaachie wacheshi wa mtaani.

"Daktari," nikasema, "mpange wiki hii. Mimi mwenyewe nitamshika mpaka apitiwe na usingizi wa dawa, na nikimtoa hapa nitapita naye mbele ya cherehani polepole, mchana kweupe."

Daktari akaandika. Mama mkwe alikuwa bado ananitazama, anangoja, maana lile la kurudi kwake halijajibiwa. Nikamgeukia, nikasimama wima kama ninavyosimama nikimaliza kichwa cha bwana harusi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva mlangoni:

"Mama, hurudi kwako kesho. Utakaa, utampokea mjukuu wako, na utamtega sikio Bibiye kila siku upendayo. Ukisikia bado anahangaika kupumua, mimi mwenyewe nitamtafutia pa kukaa kabla mtoto hajaingia ndani, na sitanuna. Lakini hutasikia hivyo, mama. Nakuahidi."