Bahasha Niliyokatazwa Kuishika

Siku Mzee Meno alipofariki, nilifika karakana asubuhi kama kawaida nikamkuta mkewe amesimama mlangoni, funguo mkononi. "Mwanangu," akasema, "mzee wako ametutoka."

Tulimwita Mzee Meno kwa sababu alitengeneza meno ya bandia, ilhali yeye mwenyewe alikuwa kibogoyo. Ukimuuliza, anajibu, "Mganga hajigangi." Ndiye aliyenifundisha kuchonga nta na kumimina plasta ya kuundia meno, na ndiye aliyenisukuma niombe nafasi chuo cha utabibu wa meno. Chuo kilitaka barua ya mtu anayeijua kazi yangu, nami nilitia sahihi kwamba sitaisoma.

"Umeandika nini, mzee?" nilimuuliza wiki iliyotangulia.

"Kwamba unakoroma ukisubiri plasta ikauke."

Baada ya mazishi, mjane wake, niliyemwita mama, aliniita chumbani. Bahasha ilikuwa kwenye droo, imebandikwa gundi, sahihi ya mzee imepita juu ya mkunjo. Hakuwahi kuituma.

"Ichukue. Ukitaka, isome. Nani atajua?"

Nilitamani. Hakuna mahali pengine alipoandika habari zangu, na sauti yake nilishaanza kuikosa. Lakini ikifunguliwa chuo hakitaipokea, na maombi yalikuwa yanafungwa kesho yake.

"Mama, hata kuishika siruhusiwi. Lazima itoke kwa aliyeiandika."

"Aliyeiandika yuko kaburini."

Mama akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Basi naipeleka mimi."

Akawaacha watu waliokuja kutupa pole wamejaa sebuleni, akaenda. Karani wa chuo alimuuliza kama mwandishi wa barua anaweza kupigiwa simu.

"Amefariki. Niulize mimi," akamjibu. "Alinisomea kabla hajaifunga, na sahihi aliitia mbele yangu."

Karani akampa pole, akaipokea.

Jioni nilimshukuru hadi machozi yakanitoka. Halafu nikamchokoza: "Mama, na ile ya kukoroma imo?"

"Wee! Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ni maji tu, tulia humo ndani." Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nikacheka naye huku nalia.

Chuo kilinichukua. Sasa niko mwaka wa kwanza. Barua iko kwenye faili lao, na sijaisoma.