Hendla na Vifungo vya Koti

Kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi, ukimwekea Mama Frymet kinasa sauti mezani, alikuwa bubu. Ijumaa jua likizama, mishumaa ya Sabato ikishawashwa na supu ya kuku ikishapakuliwa, hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Na hapo ndipo, kwa sheria ya Sabato ya Kiyahudi, hakuna mtu katika nyumba ile aliyeruhusiwa kushika kalamu wala kubonyeza kitufe. Binti yake, Brocha, alikaa na kijiko mkononi, akisikiliza maneno aliyoyasaka wiki nzima yakimpita hivi hivi. Alitamani kupiga kelele.

"Mama, unafanya makusudi!"

"Makusudi gani? Kula, supu inapoa."

"Jumanne nilikuuliza habari za dada yako Hendla, ukanipa bei ya karoti!"

"Karoti zimepanda. Hiyo nayo si habari?"

Leizer, mume wa Brocha, alichekea puani. Brocha akamkata jicho, naye akainamia sahani yake.

Kwa Brocha hili halikuwa jambo la mzaha. Mama alikuwa na miaka tisini na moja, na moyo wake ulikuwa umekwisha kumlaza hospitali mara mbili mwaka ule. Katika ukoo mzima uliokuwa Antwerp, Ubelgiji, wakati wa vita, Wanazi walipowasaka Wayahudi, alibaki yeye peke yake. Hendla hakuacha picha wala kaburi, na wajukuu walijua jina tu. Mama akiondoka, hata jina hilo litabaki tupu. Na kila Ijumaa aliishia pale pale: polisi wamegonga, jirani wa chini, asiye Myahudi, amemvuta Frymet na kusema huyu ni mwanangu, Hendla amesimama kando ya lori. Kisha, "Nani hajala matunda?"

Jumamosi jioni, nyota zilipotokea na Sabato ikaagwa kwa divai, manukato na mshumaa, Brocha hakungoja hata harufu ya mshumaa iishe. Alibonyeza kitufe akaanza kusimulia mwenyewe, kabla hayajamtoka kichwani. Ndiyo ilikuwa kazi yake kila Jumamosi, kuchota maji kwa pakacha. Mama alikuwa kwenye sinki, amempa mgongo, anasugua glasi zilizokwisha kutakata.

"Walikuwa wanakaa ghorofa ya tatu," alisema Brocha.

"Ya pili," alisema Mama bila kugeuka.

"Ya pili. Mama alikuwa na miaka minane, amevaa koti la bluu..."

"La kijani! Hiyo bluu umeitoa wapi?"

"Si uje ukae hapa useme mwenyewe?"

"Huoni naosha vyombo?"

Brocha aliendelea kwa hasira, mbio mbio, ili amalize tu, na pale ambapo Mama hakuwahi kusema kitu akajaza cha kwake. "Hendla akamtazama mdogo wake, akawa analia, akamwambia kwaheri..."

Glasi iligonga sinki.

"Nani alilia? Hendla hakulia! Unamfanya dada yangu mtu wa sinema?" Mama alikuja mikono ikichuruzika povu, akaketi, akakivuta kinasa sauti karibu kama anayetaka kukisuta. "Haya, sikiliza wewe. Hendla alikuwa na miaka kumi na minne, na kisirani kumshinda huyu binti yangu. Mimi nilivaa koti kwa haraka, vifungo vikaenda upande. Jirani kanishika mkono, ananiita mwanawe. Polisi mmoja ananitazama, anamtazama Hendla, ananitazama tena. Tulifanana sana. Basi Hendla akamgeukia jirani, akafoka kwa sauti mtaa mzima usikie: 'Mama wewe, mtoto wako umemvisha ovyo! Hujui hata kumfunga vifungo?'"

Mama alifuta povu kwenye aproni.

"Mtoto wako, alisema. Polisi akaacha kunitazama. Hendla akapanda lori amenuna."

Brocha hakuthubutu hata kusogeza kiti. Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa bado inawaka.

"Unashangaa nini?" Mama alimtazama kifuani. "Na sweta lako hilo! Miaka sitini nakwambia, binti wewe, miaka sitini, hujui kujifunga vifungo?"

Miaka sitini Brocha alikuwa amechoshwa na maneno hayo, kila asubuhi, kila mlangoni. Alisogea mbele. Mama akamfungua vifungo vyote kwa vidole vilivyolowa, akaanza kuvifunga upya kutoka chini.