Kidonge Kisicholaza

Mwaka jana Severina alilala uringoni, juu ya jukwaa la kulindia shamba, ndege wakamaliza mtama wote. Wala haukuwa uvivu, jamani. Alizeti za jirani zikichanua, macho yake humwasha na kuvimba, pua hutiririka, na siku hiyo alikuwa amemeza piritoni, vile vidonge vya njano ambavyo Nduguti nzima huvimeza. Akazimika. Mumewe Laurian hakumgombeza. Alinunua unga mwezi baada ya mwezi, kimya, na kimya kile ndicho kilichomuuma Severina.

Mwaka huu Janeth wa duka la dawa alimpa kidonge kingine. Kwanza alimuuliza kama ana mimba, kama figo zake ni nzima, kama kuna dawa nyingine anayotumia.

"Kimoja tu kwa siku, mama. Usichanganye na piritoni. Hiki wengi hakiwalazi, ila siku ya kwanza jiangalie. Ukivimba midomo au pumzi ikibana, usimeze kingine, kimbilia hospitali."

Severina aliitikia yote, ila moja halikumwingia kichwani. Tangu utotoni, dawa ya kuwashwa ikifanya kazi, mtu unalala. Isiyolaza itakuwa dawa ya nini?

Asubuhi akameza kimoja, akapanda uringo, akawa anasubiri usingizi. Upepo ulipita, alizeti zikainama zote, zikainuka. Pua ikakauka. Macho yakatulia. Harufu ya udongo ambayo hakuwa ameisikia tangu mvua zianze ikamjia, tamu, na bonde zima likawa la njano, jepesi, linaelea. Raha iliyoje. Basi nimeshalala, alijisemea, hii ni ndoto.

Kwelea wakaja. Walishuka taratibu kama vumbi, wakatua kwenye masuke ya pembeni. Severina aliwatazama akitabasamu. Ndoto hii aliijua, aliiota mwaka mzima. Akawaacha wale mtama.

Ndipo siafu akampanda mguuni na kumng'ata, na maumivu yalikuwa ya kweli. Severina aliruka, akapiga debe la kufukuzia ndege, akapiga yowe mpaka sauti ikakauka. Ndege wakanyanyuka wingu zima, wakaenda.

Laurian alikuja mbio. Akatembea polepole kando ya mistari mitano iliyobaki na masuke matupu.

"Umelala tena?"

Severina angeweza kusema ndiyo. Lawama ingekiangukia kidonge, Laurian angekitupa, na kesho yeye angerudi kujikuna.

"Sijalala," alisema. "Nilikuwa macho kabisa. Nilidhani naota, maana sikuwashwa popote."

Laurian alipanda uringoni, akamtazama machoni. Yalikuwa meupe, makavu. Kisha akakaa palepale akacheka, akashika mbavu, akacheka tena. Mwaka mzima Severina hakuwa amekisikia kicheko kile. Akajiegemeza begani kwa mumewe, akalia bila aibu.