Mabenchi Yako Ng'ambo

Mdogo wangu aliniita "mama" mbele za watu, na hilo mpaka leo halijanitoka. Alitufungia shule, sawa, kwa hilo nilimkasirikia kama wengine wote kijijini. Lakini lile neno lilinikwama kooni kama mfupa wa samaki.

Huyu mdogo wangu ndiye kitindamimba wetu, na ndiye bwana mkubwa wa elimu wa wilaya nzima. Ofisi yake ina pazia na mlango wake una kibao. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, mapazia, na magauni ya watu wanaosema watalipa wakivuna. Mama yetu alikuwa mtu wa kuugua, kwa hiyo huyo bwana mkubwa nimemlea mimi. Siku zile kijiji hakikuwa na shule. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, naye alikuwa mtoto wa kifua kibovu, akitembea kidogo anahema. Basi nikawa nambeba mgongoni asubuhi, nateremka naye bondeni, navuka mto, napanda kilima, halafu nakaa chini ya dirisha la darasa nikimsubiri. Kusoma niliokotea hapo hapo dirishani. Nilipokuwa mtu mzima, sisi wenyewe tulipiga matofali tukajenga shule hapa hapa, ili mtoto mwingine asibebwe tena.

Sasa tusikie kwamba inafungwa! Na anayeifunga ni nani? Ni huyo huyo.

Tulifanya yote yanayofanywa na watu wenye adabu. Tulikaa vikao, mwalimu mkuu akaandika barua, tukatia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Tukaenda mjini tumevaa vizuri, tukapanga mstari kwenye ukumbi wa ofisi yake, migongo ukutani. Alipotoka ana simu sikioni, nilisimama nikamwita, "Mdogo wangu." Akanitazama juu mpaka chini, wafanyakazi wake wanaangalia, akasema, "Mama, subiri zamu yako." Akapita zake. Hakurudi. Jioni karani wake akatuambia twende nyumbani.

Mama! Mimi niliyemfuta kamasi!

Alikuja mwenyewe kijijini baadaye, akasimama kwenye baraza ya shule yetu kutuhutubia. Wanafunzi wachache, walimu wachache, tuunganishe nguvu. Mwalimu mkuu akamuuliza kuhusu njia. "Ng'ambo si mbali," akasema, "ni mwendo mfupi tu wa miguu." Watu wakaguna. Haikupita muda lori likaja kwa barabara kuu ya kuzunguka, likasomba kila kitu: mabenchi, masufuria makubwa ya uji, turubai, mapipa ya maji, hata kengele. Wakafunga kufuli milangoni wakaondoka.

Hapo naomba unisikilize vizuri, maana ndipo alipojiroga mwenyewe. Kwetu hakuna mtu mwenye viti vya wageni nyumbani. Uwe navyo vya nini? Ikija harusi, ukitokea msiba, vijana hukimbia shuleni wakaleta mabenchi, masufuria, turubai na maji, na shughuli ikiisha vinarudi. Hakuna anayeomba wala anayeuliza. Ukisema "kama kawaida," kila mtu anajua unasema shule. Lakini mdogo wangu hajawahi kubeba benchi hata siku moja. Yeye tangu utotoni alikuwa ni wa kusoma, kazi za shughuli tukizifanya sisi. Akija kwenye harusi anakuta benchi lipo, anakaa. Kwake benchi huota lenyewe kama uyoga.

Mimi nina mjukuu, binti wa mwanangu ambaye kazi imemweka mbali. Mguu wa kushoto wa mtoto huyu umepinda tangu kuzaliwa. Shule ilipokuwa hapa, alikwenda mwenyewe na fimbo yake, akichechemea na kuwapigia wenzake kelele wamngoje, na ole wako ujifanye kumshika mkono. Ng'ambo hawezi. Nilimbeba. Nilimbeba mpaka siku nikateleza kwenye mawe ya mto, goti langu likavimba kama papai, yeye akanywa maji. Tangu hapo akawa anashinda nyumbani chini ya meza yangu ya cherehani. Anaokota vitambaa vilivyobaki, anavipanga mstari, anaviita majina. "Bluu! Yupo. Michirizi! Yupo. Njano, mbona umechelewa?" Kila akiita, mimi juu huku nikikanyaga cherehani, moyo unaniwaka moto. Mtoto mwenye akili kuliko baraza zima la wilaya anafundisha viraka!

Basi siku moja gari likasimama nje. Mdogo wangu huyo, na kreti ya soda, na meno nje. Dada hivi, dada vile. Binti yake anaolewa na kijana wa Mkurugenzi, bosi wake mwenyewe, na anataka harusi ifanyiwe hapa nyumbani kwa wazee wetu, ili mkwe aone kwamba yeye ni mtu mwenye watu.

"Wewe ndiye shangazi," akasema. "Bila wewe hakuna kitu. Au nikodi viti na mahema mjini, nikupunguzie kazi?"

"Viti vya kukodi!" nikashika kifua. "Unataka watu waseme umetuona hatufai? Lete mchele na mbuzi, mengine niachie mimi. Mambo yatakuwa kama kawaida."

"Kama kawaida," akarudia kwa furaha, akanywa soda yake. Mjukuu wangu alikuwa pale pale chini ya meza. Hakumuuliza kwa nini hayuko shule.

Alipoondoka nilicheka peke yangu mpaka nikajichoma sindano.

Bibi harusi nilimwambia mapema, maana yeye hana kosa. Alikuja kujaribu gauni, nami nikamweleza nikiwa napiga magoti, pini mdomoni. "Shangazi," akasema, "baba atakufa kwa aibu." Nikamwambia aibu haijaua mtu, ingeua, baba yake angekuwa kaburini. Chini ya meza mahudhurio yalikuwa yanaendelea. Akainama, akamtazama yule mtoto kwa muda, kisha akasema, "Shona tu gauni lipendeze. Hayo mengine mimi sijayasikia."

Wanawake wa kijiji sikuhitaji kuwabembeleza. Kazi ilikuwa kumnyamazisha jirani yangu tunayemwita Redio, maana yeye habari ikiingia sikioni imeshatokea mdomoni. Tulimwambia siri ikivuja, atapika harusi zote za kijiji peke yake mpaka azeeke. Akafunga mdomo. Sikuwahi kumwona ameteseka vile.

Siku yenyewe magari yakaja mengi, yanang'aa. Wageni wakashuka na suti zao na vilemba vyao. Na sisi tulipendeza, usidhani! Kijiji kizima kilivaa nguo nzuri kabisa. Uwanja ulifagiwa mpaka ukawa kama meza. Ila juu ya uwanja hapakuwa na kitu. Hapakuwa na benchi, turubai, wala moto. Mchele ulikuwa kwenye magunia yake na mbuzi walikuwa wamefungwa mtini wanatafuna majani. Sisi tumesimama mistari miwili, migongo ukutani, kama kule ofisini kwake.

"Karibuni sana," tukasema kwa pamoja.

Wakakaribia. Wakasimama. Jua likawapiga. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akatafuta pa kukaa, akazunguka, akaishia kukaa juu ya gunia la mchele. Mdogo wangu akanijia mbio, anatabasamu kwa wageni na kunifinya mkono.

"Dada, mabenchi yako wapi?"

"Yako shuleni," nikasema kwa sauti, wote wasikie.

"Si yaletwe! Vijana wako wapi?"

"Shule gani? Hii ya hapa jirani ina kufuli lako. Mabenchi yako ng'ambo, ulikoyapeleka wewe. Na masufuria, na turubai, na mapipa."

Niliona alivyoelewa. Ilimshukia polepole, usoni, shingoni, mpaka mkono aliokuwa akinifinya ukaniachia. Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Mkurugenzi, mzee mmoja mnene mwenye miwani, akasogea. "Ng'ambo ni mbali?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamwahi. "Hata! Ni mwendo mfupi tu wa miguu. Mwenyewe alitwambia pale barazani. Watoto wa darasa la kwanza wanakwenda na kurudi kila siku, itakuwa nyinyi?"

Redio, aliyebana tangu juzi, akapasuka kwa kicheko.

Mkurugenzi hakucheka. Alimtazama mdogo wangu, akatazama kufuli kwenye mlango wa shule pale jirani, akaanza kukunja suruali. "Basi twende tukayafuate," akasema. "Nami nataka kuiona hiyo njia."

"Subirini," nikasema. Nikamtoa mjukuu wangu mlangoni, amevaa sare yake. Nilimshonea upya kwa siku hiyo. "Huyu naye ni mwanafunzi wa ng'ambo. Goti langu bovu. Mdogo wangu, mbebe mjukuu wako."

Angekataaje? Mkwe wake anamtazama, kijiji kinamtazama, binti yake amesimama mlangoni na shela lake anamtazama. Akachuchumaa na suti yake, mtoto akapanda mgongoni, fimbo ikamgonga sikio.

Tukateremka. Mimi na goti langu nikawa nyuma yake kabisa, sikutaka kukosa hata hatua. Kufika katikati ya mteremko shati lilishaganda mgongoni. Akaona jiwe, akataka kukaa.

"Babu, hapa hatukai," mtoto akamwambia. "Bibi hukaa kule juu, baada ya mto. Ukikaa hapa tutachelewa mstari, utachapwa."

Akaendelea. Mtoni daraja ni gogo moja, na mvua ikinyesha linafunikwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha, tukalikuta limefunikwa. Viatu vyake vikaingia, suruali ikaingia, maji yakafika magotini. Katikati pale, mawe yanayoteleza yalipo, miguu ikaanza kumtetemeka. Akageuza shingo.

"Dada, nipokee kidogo. Nitaanguka."

Nilikuwa nimelitunza neno langu muda mrefu, na sikulipunguza hata herufi.

"Mama," nikamwambia, "subiri zamu yako."

Akafumba macho. Alilijua. Mkurugenzi alikuwa hatua chache nyuma, viatu mkononi. Ndipo mjukuu wangu, ambaye sikumfundisha, naapa sikumfundisha, akamwinamia sikioni, akauliza kama mtoto anavyouliza.

"Babu, na wewe ulipokuwa mdogo nani alikubeba?"

Nilimwona mabega yakipanda na kushuka. Nikadhani atasema hakumbuki, na kama angesema hivyo, wallahi ningemwacha aende na maji.

"Huyo nyuma," akasema. "Huyo aliye nyuma yangu ndiye aliyenibeba. Njia hii hii. Kila siku." Akaanza kulia, mtu mzima na tai yake, katikati ya mto.

Sikumpokea. Wengine walinilaumu baadaye, na walaumu tu. Nilimwekea mtoto mkono mgongoni asiteleze, mdogo wangu nikamwacha avuke mwenyewe.

Juu ya kilima tuliyakuta mabenchi yetu. Hayakuwa ndani, madarasa ya kule yalishajaa watoto mpaka madirishani. Yalikuwa yamerundikwa nje, mvua imeyanyeshea, mchwa wameshaanza kula miguu yake. Walichomeka kengele yetu katikati ya rundo. Mkurugenzi alishika benchi moja, likamvunjikia mkononi. Akabaki na kile kipande, akamgeukia mdogo wangu. "Ufunguo wa lile kufuli unao hapa?" Alikuwa nao, mfukoni, na funguo za gari. "Ukirudi, fungua. Lori nitalileta mimi."

Tulirudi na mabenchi yaliyokuwa mazima. Mkurugenzi alibeba upande mmoja wa benchi, mjukuu akabebwa na bwana harusi, na mdogo wangu akabeba sufuria la uji kichwani, masizi yanamchuruzika na jasho mpaka kwenye kola. Alifungua kufuli vile vile, hajanawa. Wageni walikula jua linazama, wakiwa na njaa ya kweli, na binti yetu aliolewa akapendeza. Gauni lile halikuwa na kasoro.

Mjukuu wangu sasa huenda shule na fimbo yake, mimi namsikia kelele zake njia nzima. Mdogo wangu naye huja. Huja mara nyingi, tena bila gari, anasimama mlangoni anasema shikamoo dada. Namwitikia, lakini sinyanyui kichwa. Namaliza mshono nilionao, nakata uzi, nakunja kitambaa, ndipo namkaribisha. Akianza kulalamika kuwa miguu inamuuma, mjukuu wangu humwambia babu asubiri zamu yake.