Jina la Kuokota

Edwin alikuwa na mdomo wa wanaume watatu, na wote watatu walihubiri jambo moja: "mimi" haipo. Alirudi na shahada ya sayansi ya ubongo, akapanga ofisi mjini Musoma, akaanza kuwaeleza watu, hata kwenye misiba ya kwao Butiama, kwamba ndani ya mtu hakuna mtu. Kuna sehemu za ubongo tu zinazosimuliana habari, na habari hiyo ndiyo tunaiita mimi. Mkewe, Jenoveva, alikuwa akimsikiliza huku akimpelekea chai kabla ya wengine wote, tena kwenye kikombe chake mwenyewe, maana akipewa kikombe kingine alikuwa akinuna.

Hayo aliyazoea. Lililomshinda ni jina la mtoto wao mchanga. Edwin alishaamua aitwe Edwin. Jenoveva alitaka aitwe Bonifasi, jina la kaka yake marehemu, aliyemlea kule Mugeta walipobaki yatima, akampikia uji na kumsuka nywele bila kujali vijana wenzake walivyomcheka. Lakini kwa kina Jenoveva, jina la marehemu linalorudi kwa mtoto halitamkwi nyumbani kabla ya ubatizo. Kwa hiyo alisema tu, "Kuna mtu wa kwetu." Edwin hakuuliza ni nani.

"Jina ni sauti tu, Jeni," alimwambia.

"Kama ni sauti tu, mbona unataka iwe ya kwako?"

Edwin alikohoa kidogo, kisha akapata wazo la kisomi. Angemkalisha Jenoveva ofisini, amvalishe kofia ya nyaya za kupimia ubongo, amsikilizishe majina mchanganyiko. Jina lolote ambalo ubongo wake ungelipokea kama unavyopokea jina lake mwenyewe, mtoto apewe hilo. Jenoveva alikubali. Alijua kabisa mumewe anategemea lipi litashinda, na moyoni alimcheka.

Alikaa kwenye kiti, mtoto kalala pembeni, sauti zikaanza kupita masikioni. Likaja "Jenoveva", mstari kwenye kompyuta ukaruka juu. Likaja "Edwin", mstari ukalala chali. Edwin akasogeza uso kwenye kioo, akalirudisha, ukalala tena. Likaja "Leodgar", kimya. Likaja "Bonifasi", mstari ukaruka vilevile kama mara ya kwanza.

"Hapa kuna kosa," alisema Edwin. "Hilo nimeliokota tu, nilikuwa natafuta majina ya watu usiowajua."

Alilirudia. Akakaza nyaya, akalirudia tena na tena, jina la marehemu likimwagwa ndani ya chumba kama maji machafu. Machozi yakaanza kumtoka Jenoveva.

"Usilie, Jeni, unaniharibia data! Huyo Bonifasi ni nani?"

"Ulibebaga jeneza lake."

Edwin alikodoa macho. Akakuna kidevu. "Yule shemeji wa Mugeta?" alisema mwishowe. "Sasa mimi ningejuaje? Nilikuwaga namwita shemeji tu."

Ni kweli, alimwita shemeji, kwa heshima zote. Miaka yote amekula samaki wa mtu yule na kulala kwenye kitanda chake, hakuwahi kuuliza anaitwa nani. Siku ya mazishi, jina liliposomwa, alikuwa nje ya uzio anaongea na simu kuhusu safari yake.

Jenoveva alivua kofia, akamfunga mtoto mgongoni.

"Inabidi nirudie kipimo," alisema Edwin. "Hizi nyaya zimelegea."

"Rudia tu. Kiti hicho hapo."

Jumapili padri alipouliza jina la mtoto, Edwin alifungua kinywa. Jenoveva alimgeukia, akamtazama mume wake kuanzia viatu mpaka tai, na kwa mara ya kwanza dharau yake haikuwa na uchungu wowote ndani yake. Kinywa kikafungwa.

"Bonifasi," alisema Jenoveva.