Mashine Isiyozimwa kwa Msiba

Bashiri alitaka kuuza mashine yake ya kukoboa mpunga pale kijijini Ikolo arudi kwao Tanga akapumzike, na mnunuzi, Anyosisye wa Mbeya, alikuwa anakuja Alhamisi. Jamani, mtu akishataka kuuza haambiliki! Akamwita Dickson, kijana anayejiita mshauri wa biashara, ampandishie thamani. Dickson akapaka kuta rangi, akamvika mlinzi sare, kisha akatoa neno: "Mzee, kinachokushushia bei ni kuzimazima mashine. Mnunuzi anataka kuona kazi haisimami."

Bashiri akalimeza zima zima.

Jumatano Bibi Felista, jirani wa nyumba ya pili, akafariki. Ikolo nzima inajua: msiba ukiingia, mashine inazimwa mpaka mazishi yapite, na mwenye mashine anakwenda kukaa na wenzake. Kesho yake asubuhi Salma, mkewe, akajifunga khanga.

"Baba Shani, twende msibani."

"Nenda wewe. Mimi nina mgeni."

"Na hiyo mashine?"

"Haizimwi!"

Na kweli haikuzimwa. Ilinguruma mazishi yote, haina hata punje ndani, inakoboa hewa. Mchungaji alipaza sauti mpaka ikamkauka. Waliobeba jeneza walipopita mbele ya mashine waligeuka kumtazama Bashiri, na yeye, Mungu amsaidie, akadhani wanashangaa rangi.

Mchana ukapita, mnunuzi haonekani. Bashiri akawa anatoka kila mara kuchungulia barabarani. Ndugu zake wa Tanga alishawaambia anarudi. Jioni ndipo Anyosisye alipoingia, viatu vimejaa udongo. Akapewa maji, akanywa.

"Ndaga fijo, asante sana, mzee. Nilifika asubuhi, nikaambiwa watu wote wako msibani, nikaenda huko."

"Lakini umeona kazi yangu haisimami?" Bashiri alipiga kelele ashinde mngurumo.

"Nimeisikia. Tumeshindwa hata kumsikia mchungaji." Akaweka kikombe chini. "Nimeshinda na wateja wako. Watu wema sana. Wamenitafutia na kiwanja, pale karibu na kanisa."

"Kiwanja cha nini tena?"

"Cha mashine. Mashine hata Mbeya zinauzwa, mzee wangu. Mimi kwako nilikuja kununua wateja, na hao umenipa bure."

Akaaga kwa adabu zote. Bashiri akaenda kuizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Kukawa kimya, na kule msibani watu wakasikika wanaimba.