Oveni ya Mama Keki na Maandamano ya Kipaza

Usijifanye hukuona. Moshi ulitoka dirishani kwa Mama Keki mchana kweupe, nawe ukapita na mfuko wako wa nyanya, ukageuza uso kama mtu aliyekutana na mkwe bafuni. Ulipofika kwenye duka la vyombo vya umeme ukaliona bango jekundu mlangoni: WEZI WANATUUZIA OVENI MBOVU. Ukatikisa kichwa kukubali, ukaenda zako. Hukuuliza. Watu wa aina yako ndio wanaomnenepesha Kipaza.

Kipaza ndiye mume wa Mama Keki. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya kipaza sauti anachokihifadhi chini ya kitanda, upande wa mkewe. Darasani hakukaa sana. Alijisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia sabuni, vitabu visivyo na majalada, maelekezo ya nyuma ya kila chombo. Na hasahau. Anamkumbuka karani aliyemfungia dirisha usoni, dereva aliyempita kituoni akicheka, mwalimu aliyemwita kichwa maji. Ukimpa chai iliyopoa leo, mwaka kesho utajisikia unatajwa jukwaani.

Siku hiyo Mama Keki alikuwa na jambo moja tu moyoni. Jioni mpishi mkuu wa hospitali, mama asiyecheka ovyo, angekuja kuonja keki yake. Akiridhika, Mama Keki ndiye angeokea wodi zote. Asiporidhika, kulikuwa na mwokaji mwingine aliyekwisha kufunga aproni. Na keki ya majaribio ilikuwa imetoka nyeusi juu, mbichi katikati. Alipoichoma kijiti, ikatoa uji.

Ilikuwa wiki ya pili ya kuungua hivyo. Kipaza alikwisha kubandika bango lake na kuwatangazia watu maandamano hadi dukani, jioni ile ile.

"Nimeweka nyuzi mia na themanini, kama siku zote," Mama Keki alisema.

"Umeonewa, mke wangu!" Kipaza akasimama. "Nilisema tangu tulipoinunua! Yule muuzaji alikuwa na macho ya..."

"Baba watoto, sijaomba hotuba. Naomba oveni."

Ndipo akaingia mdogo wake Mama Keki, fundi redio mwenye mdomo kuliko redio zake zote. Mkono mmoja alishika mita ndogo ya kupimia nyaya, mwingine kipimajoto cha oveni.

"Shemeji, nasikia umeshamhukumu mgonjwa kabla ya kumpima."

"Mgonjwa gani? Maiti hiyo! Kihisi kimekufa. Nimesoma."

Kihisi ni ile ncha ya chuma, nyembamba kama kalamu, inayochomoza kwenye ukuta wa nyuma ndani ya oveni. Ndiyo inayoiambia oveni joto limefika wapi. Ikitaja joto pungufu, oveni itazidi kuwaka, na keki itajionea.

Shemeji fundi akaweka kipimajoto katikati ya wavu, akafunga mlango, wakasubiri. Oveni ikatangaza mia na themanini. Kipimajoto kikasema mia mbili na thelathini.

"Ushahidi!" Kipaza akapiga mbio kuelekea chini ya kitanda.

"Rudi hapa, shemeji. Umejua oveni inasema uongo. Hujajua nani ameidanganya."

Wakaizima kwenye swichi ya ukutani, wakaiacha ipoe, wakaivuta. Shemeji akafungua bati la nyuma, akachomoa plagi ya kihisi yenye nyaya mbili, akaigusisha mita. Namba iliyotokea ilikuwa sawa na ile iliyochapwa kwenye mchoro uliobandikwa nyuma ya oveni.

"Kihisi kizima," alisema.

"Pima tena."

Akapima tena. Kipaza akaleta betri mpya ya mita. Namba ikawa ile ile.

"Mita hiyo imehongwa," Kipaza akanung'unika. Alihuzunika kweli. Mtu aliyekwisha kuandika hotuba ya mazishi hapendi kuambiwa kwamba mgonjwa ameomba uji.

Nyaya nazo zilikuwa nzima, plagi safi.

"Pamebaki pahali pamoja," shemeji alisema. "Ingiza kichwa."

"Wewe ndiye fundi!"

"Na wewe ndiye mpinzani. Si kila siku unatuambia tuuangalie mfumo kwa ndani?"

Kipaza akachukua tochi, akapiga magoti, akaingiza kichwa.

Kihisi hakikuchomoza. Kilikuwa kimepinda, kimelala ubavu ukutani kama mlevi aliyechelewa kurudi kwake. Kilikuwa kinapima joto la ukuta, lililo pungufu, si la hewa inayoivisha keki. Na kwenye ncha yake kulikuwa na rangi. Nyekundu. Kipaza aliijua nyekundu hiyo. Alikuwa nayo chini ya kucha.

Yakamrudia yote. Wiki mbili nyuma, asubuhi ya maandamano ya kudai bomba la maji, mvua ililowesha mabango. Mama Keki alikuwa kwa dada yake. Kipaza akayakausha kwenye oveni, moto mdogo, moja moja, akijisifu kwa ubunifu. Ubao mmoja ukagoma kuingia. Yeye, bingwa wa migomo, hakuuvumilia mgomo huo. Akausukuma kwa goti. Kitu kikalia "kwi", akadhani ni ubao.

Mtu anayekumbuka macho ya muuzaji na kicheko cha dereva alikuwa amelisahau goti lake mwenyewe.

"Unaona nini?" shemeji aliuliza, maana kichwa kilikawia kutoka.

"Naona mfumo," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Ukoje?"

"Umepinda."

Mama Keki akamwondoa, akamulika mwenyewe. Alikwangua rangi kidogo, akaitazama, kisha akazitazama kucha za mumewe.

"Baba watoto. Ulioka nini humu?"

"Mabango."

Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Yaliiva, shemeji?"

Mama Keki hakucheka. "Keki nitaoka mimi. Wewe utatoka nje ukawaambie watu wako. Na lile bango ulibandue kwa mkono wako."

Wakaifuta rangi, wakakinyoosha kihisi polepole, wakakaza skrubu zake, wakarudisha plagi na bati. Oveni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Safari hii kipimajoto na oveni wakasema neno moja. Mama Keki akamimina mchanganyiko wake bila kumtazama mtu.

Nje umati ulikuwa umefika getini. "Kipaza! Twende tukawatie adabu!"

Kipaza akatoka akawakabili. Alifikiri kuanza na kiwanda, kwamba kingeweza kukiwekea kihisi kikinga cha chuma. Ni kweli, na siku moja atalisema, hasahau. Lakini harufu ya keki ilimfikia kwa nyuma, tamu, isiyoungua, ikamsukuma kama kidole mgongoni.

"Ndugu zangu, oveni haina kosa. Niliiharibu mimi. Kwa goti."

Bibi mmoja akauliza: "Goti la kulia au la kushoto?"

"Tuandamane kulipinga!" mwingine akadakia, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Mpishi mkuu alijipenyeza katikati ya kicheko hicho, akaketi jikoni, akala kipande kimoja. Akajikatia cha pili.

"Jumatatu uanze," alimwambia Mama Keki. "Na hao wote nje wanataka keki?"

"Hao wanamtaka mume wangu. Wamchukue tu."

Kipaza hakupewa hata makombo. Alipewa ndoo. Sasa hivi yuko dukani anasugua mlango, na gundi hiyo aliipika mwenyewe, akajigamba kwamba haibanduki hata kwa radi. Muuzaji amekunja mikono, anakunywa chai, anaangalia.

Na wewe uliyetikisa kichwa, unangoja nini? Uliliamini bango bila kuuliza, kwa hiyo ni lako pia. Weka chini hicho unachosoma. Chukua maji ya moto na kisu butu. Neno WEZI halijatoka, na chini yake kuna jina la mtu, la muuzaji huyo asiye na kosa. Njoo sasa, kabla duka halijafungwa.